Usimsahau mfagiaji: namna ninavyofundisha sinapsi kwa karanga na trei ya mayai

Nunua karanga robo kilo, zilizobanguliwa ila hazijakaangwa. Hakikisha ni kavu, maana karanga kavu ukiibana kwa kidole gumba na cha shahada hugawanyika vipande viwili sawasawa, na somo zima linategemea huko kugawanyika. Tafuta pia trei mbili za mayai, bahasha nne za kaki, ufagio, selotepu na chaki. Trei mimi huomba kwa mama mmoja muuza mayai. Cha kununua kinabaki karanga tu.

Nafundisha Baiolojia kidato cha tatu, shule ya sekondari upande wa Ilula, mkoani Iringa, kwenye mashamba ya nyanya. Darasa langu la sasa lina wanafunzi 58. Kwa miaka mingi nilifundisha sinapsi, yaani kivuko cha ujumbe kati ya neva na seli inayofuata, kwa mchoro ule ule wa ubaoni: mwisho wa neva moja, mwanya, mwanzo wa seli ya pili, na mshale wa kuonyesha ujumbe unakoelekea. Wanafunzi walikariri majina ya sehemu, wakafaulu, wakasahau. Lakini mchoro ule humwacha nje mhusika mmoja karibu kila mara, naye ndiye ambaye asipokuwepo mtu hufa. Mimi namwita mfagiaji. Maelekezo haya nimeyapanga ili apate nafasi yake.

Anzia nje, kwa mikono na rula

Watoe wanafunzi 30 uwanjani, washikane mikono kwa mstari, wafumbe macho. Wa kwanza ambinye jirani yake mkono; kila anayebinywa ambinye anayefuata; wa mwisho anyooshe mkono juu. Pima muda kwa simu. Darasa langu mara ya kwanza hutumia sekunde tisa au kumi, na wakirudia mara tatu hushuka hadi saba na nusu hivi. Wagawe wenyewe kwa 30: kila mtu ametumia robo ya sekunde.

Halafu wape rula, wawili wawili. Mmoja aishike wima kwa juu, mwenzake aweke vidole viwili wazi kwenye sifuri bila kuigusa. Wa juu aachie bila kuaga. Akiidaka kwenye sentimita 20, ametumia sekunde 0.20, kwenye sentimita 15, sekunde 0.17 hivi, kwenye 30, karibu sekunde 0.25.

Sasa uliza swali, kisha nyamaza uwaache wahangaike nalo. Neva nene za mwili hupitisha ujumbe kwa kasi inayoweza kufika mita 120 kwa sekunde. Kutoka mkononi hadi kichwani na kurudi hata mita mbili na nusu hazifiki. Mbona basi safari isimalizike kwa sekunde 0.02 hivi? Muda uliobaki umeliwa wapi?

Wataanza kusema mtu alikuwa mzembe, au hakuwa makini. Waache. Kisha mkalishe mmoja juu ya meza, miguu ikining'inia, umgonge taratibu chini ya kifuniko cha goti kwa ukingo wa kiganja. Mguu unaruka kabla hajajua. Njia ya goti ina sinapsi moja tu kati ya neva inayoleta habari na neva inayoamuru msuli, mle kwenye uti wa mgongo. Njia ya rula inapita jichoni, inazunguka kwenye ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, ndipo ishuke mkononi. Kila kivuko hula kama nusu milisekunde au zaidi, na kabla ya kuvuka kila seli husubiri ikusanye habari kutoka kwa nyingi nyingine iamue kama ipige kelele au inyamaze. Muda umeliwa vivukoni na kwenye kusubiri. Wakishasema wenyewe neno "vivukoni", warudishe darasani.

Mwanya uonekane kwa macho

Wengi huja wakiamini neva zimeunganishwa kama nyaya za umeme nyumbani. Usiwacheke. Camillo Golgi wa Italia, aliyevumbua namna ya kuzipaka seli za neva rangi kwa chumvi ya fedha, aliamini hivyo hivyo: mtandao mmoja usiokatika. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alichukua rangi hiyo hiyo ya Golgi akaona kila seli imesimama peke yake. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja, na kwenye hotuba zao wakapingana. Neno sinapsi lilishaletwa na Mwingereza Charles Sherrington mwaka 1897, kwa Kigiriki likiwa na maana ya kushikana, lakini mwanya wenyewe ulionekana miaka ya 1950, hadubini za elektroni zilipopatikana.

Mwanya huo ni kama nanomita 20. Ukurasa wa daftari una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mianya 5,000 ingepangika ndani ya unene wa ukurasa mmoja. Hesabu hiyo huwapita. Kinachowagusa ni hiki: piga hatua moja ndefu sakafuni, mita moja, uchore mstari wa chaki mwanzoni na mwishoni. Waambie, hatua hii ndiyo mwanya. Sasa ile neva inayotoka kiunoni hadi kidole cha mguu, ambayo kwa kweli ina urefu wa karibu mita moja, ingekuwa kilomita 50,000. Ingeizunguka dunia na kupitiliza. Ujumbe unakimbia umbali wote huo kwa umeme, halafu unafika kwenye hatua moja ambayo umeme wake hauwezi kuivuka.

(Zipo sinapsi chache ambazo seli zimegusana kwa vijitundu na umeme unapita moja kwa moja. Zitaje kwa sentensi moja usonge mbele.)

Mchezo wenyewe

Chagua kivuko cha neva na msuli. Mwanya wake ni mpana kidogo kuliko wa neva kwa neva, lakini una faida mbili: kemikali inayofanya kazi hapo ni moja, asetilikolini, na matokeo yanaonekana, yaani mkono unakunjika au haukunjiki.

Upande mmoja wa hatua yako simamisha wanafunzi kumi kwa foleni. Hao ni neva. Neva iliyotulia ndani yake ni hasi, kama milivolti 70 chini ya sifuri. Sodiamu ikiingia, umeme unapanda juu ya sifuri kwa kitambo kidogo sana, kisha potasiamu inatoka na hali inarudi. Mimi siwaelezi mengi hapa. Nawaambia kila mmoja achuchumae na kuinuka mara aliyetangulia akishainuka, wimbi lipite hadi wa mwisho, basi.

Wa mwisho asiruke mwanya. Hili lisimamie kwa ukali, maana kila darasa lina mmoja anayeruka. Kazi yake ni kufungua mlango pembeni, na kwenye mlango huo waingie wanafunzi wawili wenye karatasi kifuani iliyoandikwa KALSIAMU. Ni hao wawili tu wenye ruhusa ya kugusa bahasha. Kalsiamu isipoingia, bahasha hazifunguki, hata umeme uje mara mia.

Kila bahasha ina karanga 20. Ichaneni na kumwaga zote kwa pamoja, msidondoshe moja moja. Bernard Katz, aliyefanya kazi London na kupata Nobel mwaka 1970, alionyesha kwamba neva hutoa kemikali kwa vifurushi kamili, na kifurushi kimoja cha kweli kina maelfu ya molekuli.

Ng'ambo ya mwanya mketishe mwanafunzi aliyekumbatia trei. Huyo ni msuli, na matundu ya trei ni vipokezi. Zirushwe karanga, zianguke zitakakoanguka; nyingi zitakosa, na ndivyo ilivyo hata mwilini, hakuna anayeziongoza. Kanuni ni kwamba tundu halihesabiki mpaka liwe na karanga mbili, kwa sababu kipokezi cha kweli cha msuli nacho hutaka molekuli mbili ndipo kifunguke. Matundu matano yakitimia, mwanafunzi akunje mkono.

Simamisha mchezo hapo uulize: karanga zimeingia ndani ya msuli? Nusu ya darasa itajibu ndiyo. Hapana. Karanga imebisha hodi tu. Mgeni anayeingia mlango ukifunguliwa ni sodiamu, ndiyo inayouamsha msuli. Karanga imebaki nje mlangoni.

Na sasa ndiyo anaingia mfagiaji.

Mpe ufagio aubane kwapani kama kitambulisho, asimame katikati ya mwanya. Jina lake la kitabuni ni asetilikolinesterasi, kimeng'enya. Kazi yake ni kuokota kila karanga anayoifikia, kwenye trei na sakafuni, kuigawa vipande viwili na kuviondoa. Nusu karanga haifungui mlango. Nusu moja, ambayo ni kolini, airudishe upande wa neva ikatengenezewe karanga mpya. Trei ikibaki tupu, msuli ulegee. Kimeng'enya kimoja cha kweli hugawa maelfu ya molekuli kwa sekunde moja, kwa hiyo chagua mwanafunzi mwenye mikono myepesi.

Sasa amuru haraka: kunja, legeza, kunja, legeza, kunja. Watagundua wenyewe kwamba ujumbe wa pili hausomeki mpaka wa kwanza uwe umefutwa. Mimi huwaonyesha ubao: ningeandika somo la leo juu ya la jana bila kufuta, mngesoma nini?

Lazima atokee mmoja wa kuuliza, nani aliziona hizo kemikali? Msimulie Otto Loewi, mji wa Graz, Austria, mwaka 1921. Alichukua mioyo miwili ya chura, yote ikidunda ndani ya maji ya chumvi. Wa kwanza aliuacha na neva yake, akaichokoza neva kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo. Akachota maji yaliyouzunguka moyo huo akayamwagia wa pili, usio na neva iliyochokozwa. Nao ukapunguza mwendo. Umeme hauchoteki kwa maji. Kulikuwa na kitu kimetolewa na neva. Kitu hicho ndicho asetilikolini. Wazo la jaribio, alisimulia mwenyewe, lilimjia usingizini.

Mfunge mfagiaji mikono

Hapa usiharakishe.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja hakuonekana shuleni siku tatu. Baba yake alikuwa amepulizia dawa nyanya tangu asubuhi, bomba likimvujia mgongoni, na shati lile lililolowa alishinda nalo hadi jioni. Usiku mate yakaanza kumtoka bila kukoma, jasho, machozi, tumbo likamkata, mboni za macho zikawa kama tundu la sindano, misuli ya mashavu na mapaja ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Nyumbani walidhani ni malaria kali. Bahati njema jirani alikuwa na bodaboda, wakamfikisha hospitali akapona. Binti aliporudi darasani alinisubiri wenzake watoke. "Mwalimu," akaniuliza, "kwenye ule mchoro wako wa sinapsi, ile dawa ya nyanya inakaa wapi?"

Nilitazama ubao. Haikuwa na pa kukaa, kwa sababu nilichora mtumaji na mpokeaji peke yao. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa mkulima wa nyanya sinapsi isiyo na kile kilichokaribia kumuua baba yake. Siku hiyo ndipo nilipoanza kutafuta karanga.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwite mwanafunzi mwenye karatasi iliyoandikwa OGANOFOSFETI, jina la kundi la viuatilifu, mpe selotepu, amfunge mfagiaji viganja kwa pamoja. Mchezo uendelee kama kawaida, bahasha zimwagwe. Karanga zitajaa kwenye trei. Mwenye msuli atakunja mkono na hataruhusiwa kuulegeza. Mwambie atetemeshe mkono, maana ndivyo msuli unavyofanya mwanzoni. Baada ya muda mwambie uanguke usiitike tena, hata karanga zikiendelea kumwagwa. Msuli uliogongewa mlango bila kupumzishwa huishia kutosikia. Kisha uliza kwa sauti ya chini: huu ungekuwa msuli wa kupumulia?

Darasani kwangu hapo huwa kimya. Wengi wamewahi kubeba bomba lile.

Waeleze kwamba asetilikolini haiishii kwenye misuli. Tezi za mate, jasho, machozi, makohozi ya kifuani, utumbo, mboni ya jicho na moyo navyo husikiliza karanga hizo hizo, ndiyo maana dalili hutokea mahali pengi kwa wakati mmoja. Watajie majina ya viuatilifu vya kundi hili wanayoweza kuyakuta kwenye lebo: profenofosi, klorpirifosi, dimethoeti. Kabameti nazo humfunga mfagiaji, ila fundo lake hufunguka lenyewe baada ya saa kadhaa. Piretroidi hazimgusi mfagiaji. Hizo huvuruga milango ya sodiamu kwenye neva. Kwa hiyo kusoma lebo si urembo.

Onyesha pia tiba ilivyo. Atropini wanayochoma hospitali haimfungui mfagiaji. Inafunika vipokezi vya tezi na moyo, makohozi yakauke mtu apumue, lakini haivigusi vipokezi vya misuli. Ipo dawa nyingine, pralidoksimu, inayoibandua sumu kwenye kimeng'enya ikiwahi. Ndiyo maana aliyepatwa hatakiwi kusubiri kukuche.

Waandike haya daftarini kwa Kiswahili, wayapeleke nyumbani: mtoe mgonjwa kwenye dawa, mvue nguo zote zilizolowa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, hata nywele na kucha, na anayemuosha asiguse kwa mikono mitupu, usimtapishe, usipoteze muda kwa maziwa, hayamfungui mfagiaji, beba chupa au lebo ya dawa mpaka kwa daktari. Na kabla ya yote hayo, bomba linalovuja lisipande mgongoni mwa mtu.

Ukibaki na muda

Selotepu hiyo hiyo ina kazi mbili zaidi. Ziba nayo matundu ya trei, mfagiaji akiwa huru. Karanga zinakuja, hazina pa kukaa, mkono haukunjiki. Huyo ni swila: sumu yake hukalia vipokezi vya misuli, kope zinaanguka kwanza, kupumua kunafuata.

Kazi ya pili ni pepopunda, na inahitaji mtumaji wa aina nyingine, kwa sababu wanafunzi hudhani kila sinapsi husema "fanya". Nyingi husema "tulia". Mpange mwanafunzi anayerusha punje za mahindi badala ya karanga. Trei safari hii si msuli, ni neva ya uti wa mgongo inayoamuru msuli, na kila punje ikitua humo inaondoa karanga moja kwenye hesabu. Mahindi hayo ni kemikali za kutuliza, glisini na GABA. Kisha gundisha bahasha ya mahindi isifunguke. Sumu ya pepopunda hupanda ndani ya neva hadi kwenye uti wa mgongo na kuzizuia bahasha za "tulia", ndipo taya linafunga na mgongo unapinda kama upinde. Mama zao wengi wamechomwa chanjo yake wakiwa wajawazito. Waambie waulize nyumbani.

Swali la mwisho natoa bila msaada wowote. Nachukua trei nzima, naziba matundu yote isipokuwa sita. Nasema: mwili wa mtu huyu umevishambulia vipokezi vyake wenyewe, hivi ndivyo vilivyobaki. Asubuhi ananyanyua kikombe vizuri, jioni kope zinamwangukia na kutafuna kunamshinda. Huwezi kumwongezea matundu. Utamsaidiaje?

Wengine watasema aongezewe karanga, na si jibu baya. Mwaka jana kijana mmoja wa nyuma, ambaye huongea kwa nadra, alisimama akasema: "Mwalimu, mwambie mfagiaji afanye kazi polepole." Nikamwomba aje mbele ajaribu. Akamshika mfagiaji mkono mmoja tu, kwa upole, akauacha wa pili. Karanga zikakaa mle sita muda mrefu zaidi, zikahamia tundu hadi tundu, mkono ukakunjika.

Nikawaambia kwamba mwaka 1934, huko Greenwich, London, daktari Mary Walker alimchoma mgonjwa mwenye ugonjwa huo, miasthenia gravisi, dawa ya fisostigmini, na misuli ikapata nguvu. Fisostigmini inatoka kwenye maharage ya Calabar, Nigeria, ambayo zamani yalitumika kama kiapo: mtuhumiwa alinyweshwa, akifa ana hatia. Nayo humfunga mfagiaji. Kijana akauliza kipimo kilikuwa kiasi gani kati ya kuponya na kuua. Hilo ndilo tuliloanza nalo kipindi kilichofuata.